Watoto Wachanga Mahututi Nakuru: Mashine, Wauguzi au Barabara?

Kila habari za mtoto mchanga aliyekosa kitanda zinapoenea Nakuru, mjadala huwaka siku mbili tatu kisha huzimika, na kila upande hubaki na jibu ulilokuja nalo. Wapo wanaotaka kaunti inunue inkubeta zaidi. Wapo wanaosema inkubeta si neno, wauguzi ndio haba. Wengine huelekeza kidole kwa bima mpya ya afya, na hawakosekani wanaowalaumu akina mama kwamba walichelewa kufika. Hata maneno yamevurugika: "nasari", "inkubeta" na "ICU ya watoto" hutajwa kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali ni ngazi tofauti za huduma, zenye gharama tofauti na zinazookoa watoto tofauti.

Takwimu za taifa zinaonyesha kwa nini suala hili linatatiza. Utafiti wa Demografia na Afya wa Kenya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba asilimia 61 ya watoto walizaliwa katika vituo vya afya. Ule wa 2022 ulikuta asilimia 82. Katika kipindi hicho vifo vya watoto wasiotimiza miaka 5 vilishuka kutoka 52 hadi 41 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Lakini vifo vya siku 28 za kwanza vilitoka 22 hadi 21 tu. Maana yake ni kwamba akina mama wameitikia wito na kwenda hospitali, ila hatari ya mtoto wa siku moja imebaki karibu pale pale. Leo zaidi ya nusu ya watoto wanaofariki kabla ya umri wa miaka 5 hawamalizi hata mwezi wa kwanza. Lengo la dunia kwa mwaka 2030 ni vifo visivyozidi 12 kwa kila 1,000.

Uchambuzi huu unapanga hoja zinazoshindana, unapima nguvu na udhaifu wa kila moja, kisha unauliza ni ipi inayofaa zaidi Nakuru na Bonde la Ufa la kati kwa uwezo uliopo.

Ngazi tatu zinazochanganywa

Ngazi ya kwanza ni huduma ya kila mtoto anayezaliwa: kumkausha, kumlaza kifuani mwa mamaye, kumwanzisha ziwa mapema, na asipolia, kumpulizia hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza. Zahanati yenye mkunga aliyefunzwa inaweza kufanya haya yote.

Ngazi ya pili ni ya mtoto mdogo au mgonjwa. Hapa ndipo penye oksijeni, maziwa ya mrija, dripu inayopimwa kwa matone, dawa za kuua bakteria, mwanga wa buluu wa kutibu umanjano, malezi ya kangaruu, na kifaa cha kusukuma hewa puani kinachoitwa CPAP. Wodi hii ndiyo ambayo wengi huiita nasari.

Ngazi ya tatu ndiyo mahututi hasa: mashine inayompumulia mtoto kupitia mrija ulioingizwa kooni, dawa ya kulainisha mapafu machanga, upasuaji wa watoto na vipimo vya damu usiku na mchana. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2019, lilikadiria kuwa watoto wachanga milioni 30 huhitaji kulazwa kila mwaka duniani. Wengi wao huokolewa na ngazi ya pili, na wanaohitaji ya tatu ni sehemu ndogo tu. Tofauti hii ndiyo ufunguo wa mjadala mzima, na ndiyo husahaulika kwanza.

Usuli: bonde, baridi na barabara

Kaunti ya Nakuru ilihesabiwa kuwa na watu 2,162,202 katika sensa ya 2019, na mji wake ukapandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021. Hospitali yake kuu, ambayo wenyeji wengi wangali wanaiita PGH kwa jina la enzi za mkoa, leo ni hospitali ya rufaa na mafunzo. Ina jengo la mama na mtoto lililopewa jina la Margaret Kenyatta, na wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Egerton hufunzwa katika wodi zake. Haiwahudumii wa Nakuru pekee. Wagonjwa huteremka kutoka Baringo, Nyandarua, Samburu na Laikipia, na wengine hutoka Kericho, Bomet na Narok. Afya ilipogatuliwa mwaka 2013, mzigo wa hospitali ya mkoa uliangukia bajeti ya kaunti moja, huku wagonjwa wakiendelea kuja bila kujali mipaka.

Jiografia nayo ina sauti yake. Jiji liko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Molo, Kuresoi na Mau Narok ziko juu zaidi, mahali ambapo usiku wa Julai huwa na baridi kali. Mtoto mwenye kilo 1.5 aliyezaliwa huko akiwa mbichi kwa maji ya uzazi hupoteza joto kwa dakika. Joto likishuka chini ya nyuzi 36.5 anaanza kuchoma sukari na oksijeni ambazo hana akiba yake. Kadiri unavyopanda mlima, ndivyo oksijeni inavyopungua hewani, na mapafu dhaifu hulemewa mapema zaidi. Ukiteremka Marigat na Baringo ya chini, tatizo hugeuka kuwa malaria na upungufu wa damu kwa watoto wakubwa kidogo. Kwa hiyo hospitali moja hupokea magonjwa ya nyanda za baridi na ya nyanda za joto.

Halafu kuna umbali. Nakuru iko katikati: kilomita 160 hivi hadi Nairobi, na karibu hivyo hivyo hadi Eldoret, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Moi na hospitali ya watoto ya Shoe4Africa iliyofunguliwa 2015. Ukikosa kitanda Nakuru, uchaguzi ni barabara ya Naivasha au ya Salgaa, zote zenye malori na misongamano. Kwa mtoto asiyeweza kupumua vyema, safari hiyo ni sehemu ya tiba, au ndiyo inayommaliza.

Kinachoua

Sababu kuu za vifo vya watoto wachanga ni tatu, na hazijabadilika kwa miaka mingi: kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na maambukizi ya bakteria. Njiti hufa kwa mapafu kutokomaa, kwa baridi, au kwa kushindwa kunyonya. Aliyekosa hewa huharibika ubongo kabla hata hajafika wodini. Mwenye maambukizi huanza kwa kulegea na kukataa ziwa, na ndani ya saa chache amezidiwa.

Kwa watoto waliovuka mwezi wa kwanza orodha ni nyingine: nimonia, kuhara kunakokausha mwili, malaria kali, utapiamlo, kuungua, ajali na sumu za dawa za mashambani. Vyumba vya mahututi vya watoto vilijengwa nchi tajiri kwa ajili ya wagonjwa wa aina nyingine kabisa. Jambo hilo lina uzito wake, kama itakavyoonekana.

Hoja ya kwanza: mashine na vitanda zaidi

Watetezi wa hoja hii husema wazi: mtoto wa Nakuru ana haki ya kile anachopata mtoto wa Nairobi mwenye bima nzuri. Bila mashine ya kupumulia, wapo watakaokufa hata wauguzi wakiwa mia. Chumba cha kisasa pia huvuta mabingwa, hufunza vijana na kuinua kiwango cha hospitali nzima.

Historia inawaunga mkono kwa sehemu. Agosti 1963, Patrick Bouvier Kennedy, mwana wa Rais wa Marekani, alizaliwa wiki tano na nusu kabla ya wakati na kufa akiwa na umri wa saa 39 kwa sababu mapafu yake hayakukomaa. Utajiri wa Ikulu ya Washington haukumfaa kitu kwa kuwa kifaa hakikuwepo. Mwaka 1971 daktari George Gregory na wenzake wa San Francisco walichapisha matokeo ya kusukuma hewa kwa shinikizo la kudumu katika mapafu ya watoto wa aina hiyo, na wengi waliohesabiwa kuwa wa kufa wakapona.

Udhaifu wa hoja uko kwenye kile kinachofuata baada ya utepe kukatwa. Kenya imeshapitia somo hili. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa ilianzisha mpango wa kukodisha vifaa kwa hospitali 98, yaani mbili kwa kila kaunti pamoja na nne za kitaifa, na vifaa vya mahututi vilikuwamo. Kamati ya Seneti iliyouchunguza mpango huo na kutoa ripoti 2020 ilikuta kaunti zikikatwa mamilioni kila mwaka huku baadhi ya vifaa vikilala bila kazi, mahali fulani kwa kukosa wataalamu, kwingine kwa kukosa umeme, maji au chumba.

Kuna pia hatari isiyoonekana kwenye picha za uzinduzi. Mrija kooni, mrija mshipani na mrija tumboni ni milango mitatu kwa vijidudu. Uchunguzi wa vifo vya watoto uliofanywa katika nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, umekuta bakteria aitwaye Klebsiella akiwa mbele katika orodha ya wauaji, na huyu hukaa sana hospitalini na hustahimili dawa nyingi. Wodi iliyosongamana, yenye mashine nyingi na sinki moja, inaweza kumuua mtoto iliyempokea ikitaka kumwokoa.

Hoja ya pili: imarisha ngazi ya kati

Upande wa pili husema fedha zielekezwe kwenye huduma rahisi, na ziwafikie watoto wengi. Ushahidi wao ni mzito.

Chukua CPAP ya mapovu. Hewa iliyochanganywa na oksijeni hupita kwenye vijirija viwili puani mwa mtoto, na mwisho wa mfumo kuna mrija uliozamishwa kwenye chupa ya maji. Kina cha mrija ndicho kipimo: sentimita 5 za maji ni shinikizo la 5, ukiuzamisha zaidi shinikizo hupanda. Mapovu yakichemka ujue hewa inafika, na yakinyamaza ujue pua imeziba au mrija umechomoka. Kifaa cha aina hii kilipojaribiwa hospitali kuu ya Blantyre nchini Malawi, watoto wachanga wenye shida ya kupumua waliopona waliongezeka kutoka asilimia 44 hadi 71, kwa matokeo yaliyochapishwa 2014.

Malezi ya kangaruu nayo yalianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, wakati daktari Edgar Rey alipokabiliwa na uhaba wa inkubeta. Mtoto huwekwa wima kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, akafunikwa. Kwa muda mrefu yalichukuliwa kuwa mbadala wa maskini. Mwaka 2021 jaribio lililoratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, lenye watoto 3,211 wa kilo 1 hadi karibu 1.8, lilionyesha kwamba walioanza kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa walikufa asilimia 12.0, na waliosubiri hadi watulie asilimia 15.7. Kifua cha mama kilivishinda vitanda vya joto. Kwa mama wa Molo usiku wa baridi hii ni tiba kamili, wala haihitaji jenereta.

Udhaifu wa hoja hii ni wa aina mbili. Kwanza, "rahisi" haina maana ya kufanyika bila usimamizi. Oksijeni ikipita kiasi hupofusha njiti, ndiyo maana kiwango cha oksijeni katika damu hulengwa kati ya asilimia 90 na 95. Mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa njiti mwaka 1950, alipoteza uoni kwa njia hiyo, zama ambazo madaktari hawakuwa wamejua hatari hiyo. Pili, mama hawezi kumbeba mwanawe saa 20 kwa siku ikiwa wodi haina kitanda chake, chakula chake wala choo cha karibu. Wodi nyingi zilichorwa mama akihesabiwa kuwa mgeni wa saa za kutembelea wagonjwa.

Hoja ya tatu: wauguzi kwanza

Hoja hii haipingi zile mbili. Inasema tu kwamba zote zinasimama juu ya miguu ya muuguzi.

Hesabu ndogo inatosha. Tuseme zamu ya usiku ina saa 12, muuguzi mmoja na watoto 20 wanaolishwa kwa mrija kila baada ya saa 3. Hiyo ni milo 80. Ikiwa kila mlo unachukua dakika 10, kuanzia kunawa mikono, kuhakikisha mrija uko tumboni, kupima maziwa, kuyaacha yashuke polepole hadi kuandika kwenye karatasi, jumla ni dakika 800. Zamu nzima ina dakika 720. Kabla hajampa yeyote dawa, hajabadili nepi, hajakagua mapovu ya CPAP wala kumpokea mtoto mpya kutoka leba, muuguzi huyo ameshadaiwa dakika 80 asizo nazo. Kitakachoachwa ni kile kisichopiga kelele: mtoto aliyenyamaza kwa sababu anazidiwa.

Wapinzani hujibu kwamba mishahara huongezeka kila mwaka na haipungui, ilhali mashine hununuliwa mara moja. Kwa mhasibu wa kaunti hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa bajeti ya mishahara tayari inambana. Hata hivyo gharama ya kulikwepa suala hili imeshalipwa. Mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100, wa wauguzi wa 2017 ukachukua takriban miezi mitano, na wa madaktari wa 2024 siku 56. Wahudumu walioajiriwa 2020 chini ya mpango wa afya kwa wote waliishi kwa kandarasi za muda, wakidai ajira ya kudumu. Wodi ya watoto wachanga haiwezi kufungwa na kufunguliwa kama duka. Timu ikivunjika, ujuzi wake huondoka nayo.

Udhaifu wa kweli wa hoja ya wauguzi uko kwingine: idadi pekee haitoshi. Muuguzi aliyepelekwa wodi ya wachanga leo na kuhamishiwa upasuaji baada ya miezi mitatu hajawa mtaalamu wa lolote. Kenya ina msingi mzuri wa kujengea. Kazi ya taasisi ya KEMRI-Wellcome, Chuo Kikuu cha Nairobi na Chama cha Madaktari wa Watoto, ikiongozwa na watu kama Mike English na Grace Irimu, ilileta mafunzo ya dharura za watoto na kile kijitabu cha mwongozo ambacho daktari mwanafunzi hubeba mfukoni mwa koti. Tangu 2013 mtandao wa hospitali za kaunti, ulioanza na hospitali 14, umekuwa ukirekodi matibabu yanayotolewa kweli, si yale yaliyoandikwa kwenye sera. Hospitali ya Kijabe, ukingoni mwa bonde hili hili, imekuwa ikifunza matabibu wa dharura na mahututi. Ujuzi upo. Kinachohitajika ni kuwabakiza wenye ujuzi mahali pamoja.

Hoja ya nne: kinga na barabara

Kinga ni bora kuliko tiba, husema upande huu, na historia ya Uingereza inawapa nguvu. Vifo vya watoto wachanga huko vilishuka kutoka zaidi ya 30 kwa kila 1,000 mwaka 1940 hadi takriban 10 mwaka 1975, kabla mashine za kupumulia hazijaenea. Kilichofanya kazi kubwa ni kliniki za wajawazito bila malipo, uzazi salama na dawa za kuua bakteria.

Kwa Nakuru, tafsiri yake ni mkunga anayegundua mapema kwamba uchungu haupigi hatua, upasuaji unaofanyika kwa wakati Molo au Naivasha badala ya kusubiri gari, na sindano ya deksamethasoni, ya kukomaza mapafu ya mtoto, kwa mama anayeelekea kujifungua kabla ya wakati. Lakini hata sindano hiyo ina kisa cha kuonya. Jaribio la 2015 katika nchi sita, Kenya ikiwemo, liliieneza hadi ngazi za chini za jamii, na vifo vya watoto kwa jumla vikaongezeka badala ya kupungua. Jaribio la 2020, ambalo Kenya ilikuwamo pia, lilifanyika katika hospitali zenye uwezo wa kupima umri wa mimba na kumtunza njiti, na vifo vilishuka kutoka asilimia 23.5 hadi 19.6. Dawa ni ile ile, ila mahali palikuwa tofauti.

Udhaifu wa hoja ya kinga ni kwamba haina jibu kwa mtoto aliyekwisha kuzaliwa na kilo 1.2. Na upande wa rufaa, kumpeleka haraka mtoto aliyepoa na asiye na oksijeni ni kumfikisha haraka akiwa hoi. Gari la wagonjwa lisilo na joto, mtungi wa oksijeni uliojaa na mtu anayejua kutumia mfuko na barakoa ni teksi yenye king'ora. Njia nafuu ya kumsafirisha njiti aliyetulia ni kifuani mwa mama yake, amefungwa kangaruu, muuguzi akiwa ubavuni.

Onyo kwa wanaoiga

Wanaotaka chumba cha mahututi cha watoto wakubwa kidogo wanapaswa kusoma kwa makini matokeo ya jaribio la FEAST la mwaka 2011, lililoongozwa na Kathryn Maitland kutoka Kilifi na kufanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na dalili za mshtuko wa damu. Vitabu vya nchi tajiri vilisema: wape maji mengi ya mshipani kwa haraka. Waliopewa walikufa zaidi ya asilimia 10 ndani ya saa 48, na wasiopewa kwa kasi hiyo walikufa asilimia 7.3. Kanuni iliyoaminiwa miaka mingi iligeuka kuwa hatari kwa watoto wenye malaria na upungufu wa damu, mahali pasipo na mashine za kuwaokoa maji yakizidi.

CPAP nayo, iliyong'ara kwa wachanga wa Blantyre, ilitoa picha nyingine ilipopewa watoto wakubwa zaidi wenye nimonia kali katika hospitali ya wilaya ya Salima, Malawi, pasipo daktari wa kusimamia. Matokeo ya 2019 yalionyesha vifo vya asilimia 17 dhidi ya 11 kwa waliopewa oksijeni ya kawaida. Huko Dhaka, Bangladesh, penye madaktari kitandani usiku na mchana, kifaa cha aina hiyo kiliteremsha vifo hadi asilimia 4 kutoka 15. Kwa mara nyingine, anayesimama kando ya mashine ndiye anayeamua mashine hiyo itafanya nini.

Nani analipa

Tangu 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF, na mpango wa Linda Mama uliowabeba akina mama ukaingizwa katika mfumo mpya. Mfanyakazi wa shamba la maua Naivasha hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kila mwezi. Mkulima wa viazi wa Molo hupimwa kipato na kutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, jambo gumu kwa mtu ambaye fedha zake huja na mavuno. Asiyekamilisha malipo hugundua pengo hilo siku mtoto anapolazwa.

Viwango vyenyewe vinafundisha. SHA imetangaza shilingi 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida, 30,000 kwa upasuaji na 28,000 kwa siku moja ya kitanda cha mahututi. Wiki mbili za mahututi ni shilingi 392,000. Siku moja tu inakaribia gharama ya upasuaji ambao, ungefanyika saa tatu mapema, huenda mtoto asingefika huko kabisa. Kuna hatari nyingine pia: fedha hufuata jina la kitanda. Hospitali ikilipwa vizuri kwa mahututi na kidogo kwa wodi ya kangaruu, ina sababu ya kuongeza vitanda vya kwanza hata pale vya pili vingeokoa wengi zaidi.

Kupima mizani

Kila hoja ina ukweli wake, lakini hazina uzito sawa, na mpangilio wake una maana.

Mashine ya kupumulia ikitumika ipasavyo humtaka muuguzi mmoja kwa mtoto mmoja au wawili. Muuguzi huyo huyo katika ngazi ya kati angewatunza kadhaa wanaohitaji CPAP, maziwa na joto. Pale wauguzi wanapohesabika kwa vidole, kufungua vitanda vingi vya ngazi ya tatu ni kuwaondoa kimyakimya kando ya watoto wengi na kuwapeleka kwa wachache. Uamuzi huo hufanyika kila siku, ila mara nyingi haufanywi kwa uwazi.

Hilo halina maana kwamba Nakuru isiwe na mahututi. Hospitali inayopokea watoto wa kaunti nyingi haiwezi kuishi kwa kuwatuma wengine kilomita 160. Kinachofaa ni chumba kidogo chenye vitanda vichache vilivyojaa wahudumu, si chumba kikubwa kilichojaa mashine. Chini yake Naivasha, Molo na Gilgil ziwe na ngazi ya kati inayofanya kazi saa 24, ili jiji lipokee wale tu wanaolihitaji kweli. Mpango wa dunia wa kumwokoa kila mtoto mchanga uliweka lengo la asilimia 80 ya wilaya kuwa na wodi ya ngazi ya pili yenye CPAP kufikia 2025, na hilo lingekuwa kipimo cha haki kwa kaunti ndogo za Nakuru. Kaunti jirani zinazotuma wagonjwa nazo zichangie gharama kwa makubaliano ya maandishi, kwa kuwa ukarimu usio na bajeti huishia kwenye watoto wawili katika inkubeta moja.

Kwa watoto wakubwa, wodi ya uangalizi wa karibu yenye oksijeni ya uhakika, damu ya kuongezea na wahudumu waliofunzwa kufuata mwongozo itaokoa wengi kabla ya mashine yoyote kuwashwa.

Mpangilio huu una gharama, na ni uungwana kuitaja. Wapo watoto, hasa wa chini ya kilo moja, watakaokufa kwa kukosa mashine wakati ngazi ya kati ikijengwa. Wapo watakaopona wakiwa na ulemavu wa macho, masikio au viungo, nao watahitaji kliniki ya kuwafuatilia kwa miaka, ambayo haionekani kwenye hotuba ya uzinduzi wowote.

Muhtasari

Vifo vya watoto wachanga havijashuka sambamba na uzazi wa hospitalini kwa sababu mlango ulifunguliwa kabla ya nyumba kupangwa. Mashine huokoa penye wahudumu na huweza kudhuru pasipo nao. Salima na Dhaka zimeonyesha hivyo. Ngazi ya kati huokoa wengi kwa fedha kidogo, lakini haijiendeshi. Kinga hupunguza wanaofika wodini, na rufaa yenye joto na oksijeni huwafikisha wakiwa na nafasi ya kupona. Kwa hiyo mpangilio uwe huu: wauguzi wa kudumu wa wodi ya wachanga kwanza, ngazi ya kati katika hospitali za kaunti ndogo pili, usafiri tatu, kisha vitanda vichache vya mahututi vilivyokamilika jijini.

Kiongozi akija kukata utepe wa jengo jipya la watoto, mwananchi asiishie kuuliza limegharimu kiasi gani wala lina inkubeta ngapi. Aulize usiku wa leo zamu ina wauguzi wangapi, kwa watoto wangapi.